Kelele ndani ya gari: Jinsi ya kutafuta chanzo chake na kuituliza

MADEREVA wengi humu nchini wana dawa moja tu ya kelele inayotoka kwenye dashibodi au mlangoni: kuongeza sauti ya redio. Dawa hiyo ni rahisi na haigharimu hata senti, lakini ina madhara ambayo aghalabu hayafikiriwi. Nati ya gurudumu iliyolegea, pedi za breki zilizolika na kiungo cha usukani kilichochakaa, vyote hutoa mlio kabla ya kusababisha ajali. Dereva aliyekwisha kuzoea plastiki zinazogongana mbele yake kutwa nzima hatautambua mlio huo mpya utakapoanza. Ndiyo maana kazi ya kutuliza kelele ndogo ndogo ndani ya gari, ijapokuwa yaonekana kuwa ya kutafuta starehe tu, ina uzito kuliko inavyodhaniwa.

Magari mengi ya kibinafsi yanayonunuliwa nchini Kenya huwa yamekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kilichotolewa mwaka 2000, huruhusu magari ambayo umri wake haujapita miaka 8. Gari la miaka saba linaposhushwa bandarini Mombasa, raba na sponji zake za ndani huwa zimeanza kukauka. Kisha huachana na lami laini ya huko lilikotoka na kuanza kukanyaga matuta, mashimo na barabara za changarawe zilizojaa mikunjo. Hakuna klipu ya plastiki iliyotengenezwa kuvumilia mtikisiko wa namna hiyo milele.

Lakini barabara isilaumiwe peke yake. Vituo vya redio vya FM nchini Japani hutumia masafa ya kuanzia megahezi 76 hadi 95, ilhali vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Kwa sababu hiyo, mojawapo ya mambo ya kwanza yanayofanyiwa gari jipya la mwananchi ni kung'olewa redio ili iwekwe nyingine, au ifungiwe kisanduku cha kupanua masafa. Baadaye huja fundi wa king'ora, kisha yule wa kifaa cha kufuatilia gari likiibwa. Kila mmoja wao hufungua dashibodi ile ile. Fundi akiwa na haraka, klipu mbili huvunjika, skrubu moja hudondoka mahali pasipofikika, na waya mpya huachwa uning'inie bila kufungwa. Si ajabu pia kukuta kisanduku kidogo cha kusomea kadi za kulipia barabara za Japani kingali chini ya usukani, hakina kazi yoyote hapa kwetu isipokuwa kugongagonga. Mwenye gari anayetaka kujua kelele ilianza wapi hana budi kujiuliza ni lini mara ya mwisho dashibodi yake ilipofunguliwa, na kwa ajili gani.

Sababu nyingine ni jua. Plastiki hutanuka kwa joto mara tano hadi kumi kuliko chuma. Bamba la plastiki lenye urefu wa mita moja, joto likiongezeka kwa nyuzi 40, huweza kurefuka kwa milimita 2 au 3, hali chuma kinachoibeba hurefuka kwa takriban nusu milimita tu. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani saa kadhaa yaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Basi kila siku plastiki hiyo husukumana na vishikizi vyake, ikirefuka mchana na kunywea usiku. Hii ndiyo sababu gari hulia asubuhi ya baridi ya Julai kule Limuru na kunyamaza kimya saa saba mchana, dereva anapokuwa hatimaye amefika kwa fundi. Fundi hulizungusha mtaani, hasikii kitu, na mteja huonekana mtu wa kubuni mambo. Dawa yake ni kulilaza gari huko gereji na kumwomba fundi aliendeshe asubuhi kabla halijapata moto.

Wahandisi wa magari huzigawa kelele za ndani katika mafungu matatu, na mgawanyo huu una faida kwa sababu kila fungu lina tiba yake. La kwanza ni mlio wa kugongana, tak-tak-tak, unaotokana na vitu viwili vyenye mwanya kati yake: kifuniko kisichoshika vizuri au waya unaopigapiga bamba. Hapa panahitajika kukazwa au kuzibwa mwanya. La pili ni mlio wa kukwaruzana, kwii-kwii, pale ambapo vitu viwili vilivyobanana hung'ang'aniana kisha kuteleza, kung'ang'aniana tena na kuteleza, mara nyingi kwa sekunde. Ukikaza zaidi hapa waweza kuzidisha balaa. Kinachotakiwa ni kuvitenganisha kwa kitambaa au kuvilainisha. La tatu ni mvumo, zzz, wa kitu chembamba kama bamba la mlango au jalada la spika, ambacho hutetemeka tu mtikisiko unapolingana na kasi yake ya kiasili ya kutetemeka. Mvumo wa namna hii huja injini ikifika mzunguko fulani na kutoweka ukipita hapo. Huu hutibiwa kwa kuongeza uzito au kukipa kitu hicho mahali pa kuegemea.

Usikimbilie dashibodi

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, kuna swali lisiloepukika: je, kelele hii kweli inatoka ndani? Bodi ya gari ni chuma kilichounganishwa kikawa kitu kimoja, na sauti husafiri ndani ya chuma kwa urahisi. Kitu kinachogonga karibu na gurudumu la mbele kinaweza kusikika kana kwamba kiko nyuma ya redio. Wapo watu waliobandua dashibodi nzima wakitafuta mlio uliokuwa ukitoka kwenye shokamzoba, na wapo, pengine wengi zaidi, waliolipia shokamzoba mpya ilhali kilichokuwa kikigonga ni jeki iliyofunguka ndani ya buti.

Mlio mzito wa kong-kong unaosikika gari likienda polepole juu ya mashimo madogo, hasa upande mmoja ukikanyaga kabla ya mwingine, mara nyingi hutoka kwenye linki, bushi au boljointi. Mlio wa vyuma unaokoma papo hapo dereva anapogusa breki kidogo waelekea kuwa pedi zisizoshika vizuri au bolti za breki zilizolegea. Ngurumo inayoongezeka kadiri ya mwendo, na kubadilika gari linapoelekea kushoto au kulia katika kona ndefu, ni dalili ya beringi ya gurudumu. Tak-tak inayosikika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na gari likiongeza mwendo hutokana na shafti za magurudumu ya mbele. Hakuna hata mmoja kati ya milio hii unaotibiwa kwa sponji. Gari lenye dalili hizi linapaswa kuinuliwa na kukaguliwa chini kabla ya kitu kingine chochote.

Nati za magurudumu zinastahili kutajwa peke yake. Gurudumu likitolewa ili kuzibwa pancha kando ya barabara, nati hurudishwa kwa spana ya mkono na nguvu za kijana aliyepo. Katika magari mengi madogo ya Toyota zinatakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103. Wachache wanaoziba pancha ndio wenye spana ya kupimia nguvu hiyo. Kama kelele au mtikisiko umeanza siku ile ile gurudumu lilipotolewa, simamisha gari mahali salama na uzikague nati zote papo hapo. Hata kama hakuna kelele, zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mtikisiko, tofauti na mlio, huweza kutambuliwa kwa hesabu ndogo. Gurudumu la gari dogo huzunguka takriban mara 14 kwa sekunde gari likienda kilomita 100 kwa saa. Injini ya silinda nne iliyotulia kwenye mizunguko 750 kwa dakika huwasha mafuta mara 25 kwa sekunde. Kwa hivyo chanzo hutambulikana kwa kuangalia mtikisiko unafuata nini. Ukifuata mwendo wa gari, yaani usukani unaanza kutikisika kwenye kilomita 80 na kutulia baada ya 100, tatizo ni magurudumu: yanahitaji kusawazishwa, au rimu imepinda kwa kugonga shimo. Usukani ukitikisika unapokanyaga breki pekee, diski ndizo za kutazamwa. Mtikisiko ukifuata injini, uinue mzunguko wake gari likiwa limesimama bila gia. Ukiusikia hapo hapo, magurudumu hayahusiki. Gari la gia za otomatiki linalotetemesha viti na vioo likiwa limesimama kwenye msongamano, gia ikiwa kwenye D, na kutulia likiwekwa N, mara nyingi raba zinazobeba injini zimechoka. Ikiwa linatetemeka katika hali zote mbili na injini haina mpigo sawa, anza na plagi na koili kabla ya kununua raba.

Kuna jambo jingine la nje lisilogharimu kitu, nalo ni upepo wa magurudumu. Gurudumu lililojazwa kupita kiasi huwa gumu kama jiwe na kupeleka kila kokoto moja kwa moja ndani ya gari. Kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva hueleza kiwango kinachofaa, lakini katika magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na pauni 32. Mhudumu wa kituo cha mafuta akiuliza ajaze ngapi, usimwambie 40 kwa kukisia. Wapo waliokwisha kumaliza kelele zote za dashibodi kwa kupunguza upepo tu.

Msako wenyewe

Baada ya kuridhika kuwa chini ya gari kuko salama, liondoe kila kitu kisichofungwa. Mfuko wa mlangoni, kisanduku cha mbele ya abiria, kile cha kati ya viti, kikombe, sarafu, funguo, miwani, chupa. Chini ya viti pia. Hapa pana hatari ya kweli: chupa ya maji inayobiringika chini ya kiti cha dereva inaweza kuteleza mbele na kukwama chini ya kanyagio la breki gari linapoteremka. Ukiisikia chupa hiyo ikibiringika, simama uiondoe. Usiinamie huku ukiendesha. Katika magari mengi kazi huishia hapa, na hakuna bisibisi iliyoguswa.

Kelele ikiendelea, tafuta mwenzako. Dereva hapaswi kuendesha huku akibonyezabonyeza dashibodi kwa mkono mmoja na kutega sikio. Mmoja aendeshe, mwingine asikilize, tena akae kwanza mbele, kisha nyuma kushoto, kisha nyuma kulia. Tumieni kipande kile kile cha barabara kwa mwendo ule ule, redio na feni zikiwa zimezimwa na vioo vyote vimefungwa. Barabara yenye matuta madogo madogo ya kuamsha madereva, au kipande cha changarawe kisicho na magari mengi, kinafaa sana. Anayesikiliza aweke kiganja juu ya kila sehemu na kubonyeza kwa zamu: kona ya dashibodi, jalada la mita, matundu ya hewa, kifuniko cha nguzo, bamba la mlango. Mlio ukikoma chini ya kiganja, amekaribia. Kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja, ncha moja ikiwa sikioni na nyingine ikitembezwa kwenye maungio, hufanya kazi ya kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua.

Sehemu ikishukiwa, usiifungue bado. Bandika utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi juu ya ungio hilo ili vipande viwili visisogee, kisha endesha tena. Utepe huo hubanduka bila kuacha alama. Mlio ukitoweka umepata jawabu. Usipotoweka umejiepusha na kazi ya bure na klipu zilizovunjika. Kwa mvumo wa mlangoni, gari halihitaji hata kusogea: cheza muziki wenye besi nzito, ongeza sauti, halafu pitisha mkono juu ya bamba la mlango na jalada la spika.

Andika unachokigundua. Maneno "kuna kelele mbele" hayamsaidii fundi. "Tak-tak upande wa abiria, juu ya changarawe, kati ya kilomita 30 na 40, asubuhi tu, inakoma kisanduku kikifunguliwa" ni maelezo yanayookoa saa nzima ya kazi, na saa ya fundi hulipiwa.

Mahali panapolia mara nyingi

Kisanduku kilicho mbele ya abiria huongoza. Mara nyingi huwa na vidoto viwili vya raba kwenye kingo zake. Vikianguka au kubonyea, kifuniko hubaki na nafasi ya kuchezacheza. Kuongeza kipande chembamba cha raba hapo ni kazi ya dakika tano. Nyuma ya kisanduku hicho ndiko kwenye kichujio cha hewa ya ndani katika magari mengi, na kifuniko cha kichujio kisichoshikishwa vizuri baada ya kusafishwa hutoa mlio uleule. Mlio wa frr-frr unaoanza feni ikiwashwa na kuongezeka kwa kila hatua ni jani au karatasi iliyodondokea kwenye feni, wala si plastiki.

Juu kidogo, tazama vizuizi vya jua, kijisanduku cha miwani, na taa ya ndani. Kwenye nguzo za pembeni, kifaa cha kupandisha na kushusha mkanda wa usalama hulia kama mwenye gari hakukifikisha kwenye tundu lake. Mkanda usiotumika nao hugonga nguzo kwa ulimi wake wa chuma. Huu ni mlio unaomkera dereva sana kwa sababu uko karibu na sikio lake, na tiba yake ni kuuvuta mkanda mara moja ili urudi vizuri mahali pake.

Milango ina mambo mengi. Ndani yake mna vyuma vyembamba vya kufuli, waya, spika, na karatasi ya plastiki ya kuzuia maji iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Kila mara kioo cha umeme kinapokarabatiwa, karatasi hiyo hubanduliwa, na si mara zote hurudishwa ilivyokuwa. Ili kujua kama ni kioo chenyewe kinachogonga, kishushe kwa upana wa vidole viwili ukiwa unaendesha. Mlio ukibadilika au kukoma, chanzo ni kioo na reli zake, wala si bamba. Plastiki za kukinga mvua zinazobandikwa juu ya vioo pia huvuma gundi yake ikiachia upande mmoja.

Katika magari yenye mlango mkubwa wa nyuma, kama vile Toyota Probox na Fielder au Mazda Demio, sehemu hii ndiyo inayodanganya wengi. Mlango huo huegemea raba mbili ngumu pembeni. Raba hizo katika magari mengi zina nyuzi kama skrubu: ukizizungusha hutokeza nje au kuingia ndani. Zikiwa zimeingia sana, mlango hucheza kwenye kufuli lake kila gari linapokanyaga shimo, na mlio wake ni mzito kiasi cha kumfanya mtu aamini kuwa shokamzoba za nyuma zimekufa. Zitokeze kidogo kidogo, pande zote mbili sawa, hadi mlango ufungike kwa kusukumwa kwa nguvu ya kadiri. Kisha kagua rafu ya kufunika mizigo, kufuli za viti vya nyuma vinavyokunjwa, jeki, spana yake, na gurudumu la akiba, ambalo mara nyingi bolti yake ya kulishikilia huwa haikukazwa baada ya pancha ya mwisho. Bamba la nambari ya usajili lililofungwa kwa skrubu mbili za juu pekee hupigapiga bodi kila mlango ukifungwa.

Viti hukwaruza pale ngozi au plastiki inapogusana na kifungio cha mkanda. Kiti kinachosogea kwenye reli zake ni jambo jingine kabisa. Bolti nne zinazokishikilia sakafuni zikaguliwe mara moja, kwani kiti hicho ndicho kinachomshikilia dereva gari likigonga.

Vifaa na mikono

Vifaa vinavyohitajika hupatikana kwa urahisi. Kitambaa kizito cha kubandika chini ya miguu ya fanicha, kinachouzwa madukani, hufaa sana kati ya plastiki mbili ngumu. Sponji nyembamba yenye gundi huziba mwanya. Mpira wa ndani wa baiskeli, ukikatwa vipande, huwa egemeo zuri la kisanduku au rafu. Utepe wa kitambaa hufunga nyaya zisigonge. Ule wa plastiki wa mafundi wa umeme gundi yake huyeyuka kwa joto la dashibodi na kuacha uchafu unaonata. Kwa raba za milango, tumia mafuta ya silikoni kidogo kwenye kitambaa. Mafuta ya injini na dawa za kulegeza kutu hunyamazisha raba kwa muda, lakini yanatokana na petroli na huifanya raba ifure na kulegea. Dawa yoyote isipuliziwe kwenye usukani, kanyagio au sakafu mbele ya dereva.

Klipu iliyovunjika isigundishwe. Maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, huuza klipu moja moja. Nenda na ile ya zamani mkononi. Skrubu ndefu kuliko ya awali ni hatari, kwa sababu huweza kutoboa waya uliopita nyuma yake.

Fungua plastiki zikiwa na joto la kadiri, kwani asubuhi ya baridi huvunjika upesi. Badala ya bisibisi, tumia mwiko mwembamba uliozungushiwa kitambaa au kabari ya plastiki, na uanzie pembeni ukisogea klipu moja hadi nyingine. Piga picha kwa simu kabla ya kutenganisha chochote. Ndani ya mlango, sponji isiwekwe chini kabisa kwenye matundu ya kutolea maji. Maji yakizuiliwa hapo, mlango huoza kwa kutu kutoka ndani, na jambo hili hutokea upesi zaidi katika hewa ya chumvi ya Pwani. Vilevile karatasi na matambara yasijazwe nyuma ya redio au karibu na mfumo wa joto, kwani waya uliochubuka unaweza kuyawasha moto.

Mifuko ya hewa

Kuna sehemu ambazo mwenye gari asiye fundi hapaswi kuzigusa. Mfuko wa hewa wa usalama uliomo ndani ya usukani na ule ulio mbele ya abiria hufumuliwa na baruti ndogo kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Magari mengi yana mingine pembeni mwa viti na juu ya milango, nyuma ya vifuniko vya nguzo. Viungo vya nyaya zake kwa kawaida huwa vya rangi ya manjano, na karibu yake huandikwa SRS Airbag. Ukiona rangi hiyo, simama.

Fundi anayelazimika kufanya kazi hapo hutoa kwanza waya hasi wa betri na kusubiri. Maelekezo ya Toyota hutaja angalau sekunde 90, na mafundi waangalifu hungoja dakika kadhaa. Sponji au kitambaa kisiwekwe kamwe nyuma ya kifuniko cha nguzo chenye alama hiyo, kwa sababu mfuko hupasua kifuniko ukitoka na chochote kilichoko njiani hurushwa kuelekea kichwa cha abiria. Simu, picha na mapambo yanayobandikwa juu ya mfuko wa abiria huwa katika hali hiyo hiyo. Vifuniko vya viti vinavyobana pande zote navyo huzuia mifuko iliyo ubavuni mwa kiti. Kelele inayotoka ndani ya usukani wenyewe, au nyuma ya nguzo yenye mfuko, ipelekwe kwa fundi anayeufahamu mfumo huo. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye mita baada ya dashibodi kufunguliwa, maana yake ni kwamba kuna kiungo ambacho hakikurudishwa, na mifuko hiyo huenda isifumuke ajali ikitokea.

Kazi ikikamilika, rudi kwenye kipande kile kile cha barabara kwa mwendo ule ule, mkiwa wawili tena, kabla ya kurudisha mizigo garini. Jaribio la mchana pekee halitoshi. Subiri asubuhi moja ya baridi na uendeshe tena redio ikiwa imezimwa. Kelele nyingine ndogo zaidi, iliyokuwa imefichwa na ile ya kwanza, huenda ikasikika kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nayo huchunguzwa kwa utaratibu huo huo, kuanzia chini ya gari.